Jinsi Muuguzi Mmarekani Mweusi Anavyoweza Kuzungumza na Mgonjwa kuhusu Vipimo vya Vinasaba

Kabla hujafungua fomu ya idhini, msikilize mgonjwa. Huko Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, wanaume Weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba na watafiti wa serikali huku wakiambiwa kuwa wanatibiwa "damu mbaya", na aliyekuwa akiwachukua kwa gari kuwapeleka kliniki ni muuguzi Mweusi, Eunice Rivers. Kwa hiyo usidhani kwamba rangi yako pekee itampa mgonjwa imani. Akikuuliza, "Damu yangu mtaifanyia nini?", mweleze sampuli inakopelekwa, nani atayaona majibu, na kwamba akikataa hatanyimwa matibabu yake.

Kisha chora ukoo wake, vizazi vitatu, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke. Uliza pia ugonjwa ulianza katika umri gani, kwa kuwa saratani ya matiti iliyompata shangazi akiwa na miaka 42 huashiria urithi zaidi kuliko iliyompata bibi akiwa na miaka 80. Akisema kwamba babu "alikuwa na sukari" na baadaye akasafishwa damu, usiishie kwenye sukari. Aina fulani za jeni iitwayo APOL1 nazo huongeza hatari ya maradhi ya figo kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi.

Kuhusu selimundu, tenganisha mbebaji, yaani aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, na mgonjwa kwa maneno yasiyo na utata. Nchini Marekani, takriban mtoto 1 kati ya 13 wa Weusi huzaliwa akiwa mbebaji, na katika miaka ya 1970 wapo wabebaji wenye afya njema walionyimwa kazi na bima kwa sababu hiyo tu.

Usimwahidi kinga isiyokuwepo. Sheria ya Marekani ya 2008, iitwayo GINA, inawazuia waajiri na kampuni za bima ya afya kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, lakini haigusi bima ya maisha. Na hilo alijue kabla ya kupimwa.

Majibu yakirudi yakisema kwamba badiliko la jeni halijaeleweka maana yake, mwambie ukweli: hifadhi za vinasaba zimejaa taarifa za watu wenye asili ya Ulaya, hivyo Weusi hupata majibu ya aina hii mara nyingi zaidi. Si ugonjwa, wala si uhakika wa usalama. Mpeleke kwa mshauri wa vinasaba, na uandike kwenye faili tarehe ya kuulizia tena maabara, kwa maana tafsiri hiyo hubadilika.