SOMO: Kukadiria minazi kwa picha za setilaiti na ploti za shambani

Swali ni lile lile kila mara: "Nina picha ya setilaiti, nitajuaje kuna minazi mingapi?" Naandika yote hapa ili nikiulizwa tena nielekeze huku. Picha haikupi idadi ya minazi. Inakuonyesha minazi iko wapi na imesongamana kiasi gani. Idadi, umri na uzaaji unavitafuta ardhini, kwenye ploti (vipande vidogo vya kupimia), kisha unaunganisha pande mbili kwa hesabu.

Hatua ya 1. Amua unatafuta nini: hekta, idadi ya minazi, nazi kwa mwaka, au mbao. Fomu ya shambani inafuata hilo.

Hatua ya 2. Picha. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni bure na pikseli yake nzuri (kimraba kidogo kabisa cha picha) ni mita 10. Taji la mnazi mkubwa lina upana wa mita 6 hadi 9 hivi, kwa hiyo ndani ya pikseli moja kuna makuti, kivuli na nyasi za chini. Mnazi mmoja mmoja hutauona, lakini maeneo utayatofautisha. Ukitaka kuona taji moja moja, tafuta picha yenye pikseli ya nusu mita au chini ya hapo. Chagua picha ya kiangazi: nyasi zimekauka, minazi bado ni ya kijani. Mawingu yakikusumbua, ongeza rada ya Sentinel-1, inapenya mawingu.

Hatua ya 3. Matabaka. Gawa eneo: minazi mitupu iliyosongamana, minazi iliyochanganyika na miti mingine, minazi iliyotawanyika, na pasipo na minazi. QGIS, programu ya bure ya ramani, inatosha. Migomba, miwese na mivumo hudanganya kompyuta, basi kagua kwa macho.

Hatua ya 4. Kuchagua ploti. Tafadhali soma taratibu. Programu ikuchagulie nukta kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka, kabla hujatoka nyumbani. Kazi nyingi huharibikia hapa, na zikiharibikia hapa hakuna fomula ya kuziponya. Mtu anafika, anakuta nukta imeangukia kwenye kichaka au uwanda usio na mnazi hata mmoja, anaisogeza "kidogo tu" mpaka chini ya minazi. Usiisogeze! Ploti yenye sifuri ni kipimo kamili sawa na yenye minazi kumi na mitano. Tabaka lako lina mapengo, na ukizitupa sifuri utatangaza minazi ambayo haipo.

Usipange ploti kando ya barabara kwa sababu gari linafika. Minazi ya karibu na njia na nyumba mara nyingi hutunzwa kuliko ya ndani. Usikubali mwenye shamba akupeleke "penye mfano mzuri", hata kama ni mtu mwema na anakusaidia kwa moyo. Mahali pakiwa hapafikiki kabisa, tumia nukta ya akiba iliyochaguliwa tangu mwanzo kwa bahati nasibu ile ile, na uandike sababu. Halafu GPS: chini ya makuti inaweza kukosea mita kadhaa. Kifaa kikisema umefika, simama hapo hapo, hicho ndicho kitovu. Ukianza kutazama juu na kuchagua, bahati nasibu imekwisha.

Hatua ya 5. Kupima. Ploti ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 17.84 ina mita za mraba 1,000, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Mnazi wa mpakani unaingia ikiwa katikati ya shina, kwenye kimo cha mita 1.3, imo ndani. Andika kila mnazi uko kundi gani: mche usio na shina, mchanga usiozaa, unaozaa, mzee, uliokufa. Ploti ikiangukia mteremko, umbali unaotakiwa ni ule wa mlalo. Kwa mteremko wa nyuzi 20 utavuta utepe hadi mita 18.98 kwa upande wa kupanda au kushuka.

Hatua ya 6. Sahihisha eneo. Kuhesabu pikseli na kuziita hekta si sahihi, kwa sababu ramani hukosea pande zote mbili. Mfano: ramani ya hekta 10,000 inasema minazi ni hekta 1,000. Umekagua nukta 100 za bahati nasibu ndani ya "minazi", 80 ni kweli. Umekagua 300 katika "si minazi", 9 zina minazi. Basi 0.80 × 1,000 = 800, na 0.03 × 9,000 = 270. Jumla hekta 1,070. Tazama jinsi kosa la asilimia 3 katika eneo kubwa lilivyoongeza hekta 270.

Hatua ya 7. Wastani wa kila tabaka kwa hekta, mara hekta zake zilizosahihishwa, kisha jumlisha. Toa na kiwango cha kosa. Takwimu isiyo na kiwango cha kosa siipokei.

---

MASWALI

Haraka_Haraka: Mkuu, mbona mlolongo mrefu? Minazi hupandwa mita 8 kwa 8, sawa na 156 kwa hekta. Nazidisha tu na hekta, nimemaliza.

Mwandishi: Hiyo ni idadi iliyokusudiwa siku ya kupanda. Shamba la zamani lina mapengo, lina iliyokufa, lina iliyojiotea.

Haraka_Haraka: Sawa, picha ya bure ni ipi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Mwanafunzi_Ramani: Shikamoo mwalimu. Nitajuaje ploti ngapi zinatosha?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri sana hili. Anza na ploti chache za majaribio, utafute wastani na mtawanyiko wake (standard deviation). Tuseme mtawanyiko ni asilimia 50 ya wastani nawe unataka kosa lisizidi asilimia 10, kwa uhakika wa asilimia 95. Chukua 2 × 50 ÷ 10 = 10 (hiyo 2 ndiyo ya uhakika wa asilimia 95), kisha 10 × 10 = ploti 100. Ukiridhika na kosa la asilimia 20, ploti 25 zinatosha. Kupunguza kosa kwa nusu kunagharimu kazi mara nne, ndiyo maana matabaka mazuri yana thamani: yanapunguza mtawanyiko kabla hujatoa jasho.

Rubani_wa_Droni: Haya ni mambo ya kale. Siku hizi kompyuta inahesabu mataji yenyewe.

Mwandishi: Naitumia pia, ndugu. Inahesabu mataji inayoyaona. Miche iliyo chini ya mikubwa haionekani, na mataji mawili yaliyoshikana huwa moja. Dawa ni kuhesabu ploti zile zile pande zote mbili. Ardhini ukipata 120 na picha ikatoa 96, kizidisho chako ni 1.25. Ila linganisha jumla, usifuatishe mti kwa mti: picha ya setilaiti iliyopigwa kwa kuinama nyuzi 20 inasogeza taji la mnazi wa mita 20 zaidi ya mita 7 kutoka kwenye shina lake.

Mwanafunzi_Ramani: Na umri? Nipime unene wa shina?

Mwandishi: Hapana, shina la mnazi halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mwembe. Hesabu makovu ya makuti. Mnazi mrefu ukishakomaa hutoa makuti 12 hadi 14 hivi kwa mwaka. Makovu ya chini hayasomeki vizuri, kwa hiyo weka makundi ya umri, usiandike mwaka kamili.

Mkwezi: Sisi tunaokwea tuhesabu nazi zote?

Mwandishi: Anzeni na madafu, koroma na nazi. Vidaka viacheni, vingi hupukutika. Na kwa kuwa mna kamba nyingi: msizitumie kupimia duara. Nailoni hunyumbuka. Mita 17.84 ikivutika kuwa 18.5, ploti inakuwa mita za mraba 1,075 na kila hekta inapata minazi ya ziada ya asilimia 7.5.

Mkwezi: Tuna kamba ya makumbi, je?

Mwandishi: Nayo hubadilika ikilowa. Tumieni utepe wa kupimia.