Somo: Kuandika ardhilhali ya Bunge, Kenya

Mbunge akiitikia kwa kichwa barazani, kesho hakuna pa kumshikia. Ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa Bunge, huacha maandishi: husomwa Bungeni, hukabidhiwa kamati, na kamati hudaiwa ripoti. Haki ya kuiwasilisha ni ya kila mtu, kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010.

1. Jua jambo ni la nani. Fungua Jedwali la Nne la Katiba. Zahanati, chekechea na masoko ni ya kaunti, kwa hiyo ardhilhali iende bunge la kaunti. Polisi na shule za msingi ni za serikali ya kitaifa. Hapa ndipo wengi hukwama: wanamlilia mbunge dawa za zahanati, naye anajibu "nimesikia", ilhali bajeti hiyo inapitishwa na wawakilishi wa wadi.

2. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa heshima, bila kufutafuta wala kuchomeka maneno. Kurasa zikizidi moja, kila ukurasa uonyeshe mada.

3. Taja ofisi mlizokwisha kuziendea na zilivyojibu, au kwamba zilinyamaza. Sema pia kama kuna kesi mahakamani. Msipouruka mstari huu, Karani wa Bunge, anayeikagua kwanza, atakosa sababu rahisi ya kuirudisha.

4. Malizia kwa ombi lililo wazi. "Tusaidiwe" halitekelezeki. "Kamati ichunguze kwa nini ujenzi wa madarasa umesimama, na ipendekeze hatua" linajibika kwa ndiyo au la.

5. Majina, anwani, nambari za vitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba, vyote kwenye ardhilhali yenyewe. Sahihi za kubandika hazikubaliki.

6. Mkabidhi Karani wa Bunge, ambaye ana siku 7 za kuikagua. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo huna cha kufuatilia.

MASWALI

Mwalimu, mbunge wetu akikataa kuiwasilisha?
Haimhitaji yeye. Ikipitia kwa Karani, Spika ndiye huifikisha mbele ya Bunge.

Lazima tukusanye sahihi elfu?
La, mtu mmoja anatosha. Sahihi nyingi zenye mwandiko mmoja ndizo huiharibu.

Tutajuaje kama mbunge alitusemea?
Ardhilhali ikishasomwa, wabunge hupewa muda mfupi wa kutoa maoni. Fungua Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala, ya siku hiyo kwenye tovuti ya Bunge, utafute jina lake. Kama halimo, mtakuwa na swali la kumuuliza barazani, lenye tarehe.