Kuchagua chuma cha hedazi za gari la kasi

Hedazi ni mabomba yanayopokea moshi unapotoka tu kwenye injini. Kabla ya kuuliza bei ya bomba, jua injini yako inatoa moshi wa joto gani. Injini ya petroli isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini), ikikanyagwa hadi mwisho, hutoa moshi wa nyuzi 750 hadi 900 za Selsiasi mlangoni mwa hedi, yaani kwenye tundu la kichwa cha injini ambako moshi hutokea. Yenye turbo inaweza kupita 950. Bomba lenyewe huwa chini kidogo ya hapo, lakini ukiliona limeanza kuwa jekundu, lipo kwenye 600 hivi.

Chuma cha kawaida hudharauliwa bure. Kinakunjika kirahisi, kinachomelewa hata kwa MIG (mashine inayojilisha waya yenyewe), na hakipanuki sana. Ugonjwa wake ni kutu, na joto likizidi nyuzi 540 hivi huanza kubanduka magamba. Kwa injini isiyo na turbo, bomba la ukuta wa milimita 1.6 lililopakwa kauri linatosha. Ila usilizungushie kitambaa cha kuzuia joto: hushika unyevu na kulipasha bomba zaidi, na siku ukikifungua utakuta ukuta umeliwa.

Stenlesi nazo hazifanani, na kila aina hujulikana kwa namba yake. 409 ina kromiamu asilimia 11 hivi, hushika kutu ya juujuu. 304 ina kromiamu 18 na nikeli 8, na ndiyo inayofaa magari mengi. Ukitilia shaka unachouziwa, weka sumaku kwenye sehemu iliyonyooka: 409 inanata kwa nguvu, 304 hainati, au inanata kidogo tu kwenye kona zilizokunjwa.

Kinachoiponza 304 ni kupanuka. Bomba la milimita 800 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 720, la chuma cha kawaida hurefuka karibu milimita 8, la 304 karibu 10. Sasa fikiria mabomba manne ya mikunjo tofauti, yamebanwa na flanji moja (bamba linalofungwa kwenye hedi): kila moja linavuta upande wake, na ufa unaanzia kando ya mshono. Kwa hiyo, kwenye injini isiyo na turbo, mwisho wa mabomba yachomeke kwenye kikusanyio, pale yanapoungana kuwa bomba moja, yaweze kuteleza, yashikwe na springi. Flanji nayo, ya milimita 10, ichomelewe ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye hedi ya zamani. Ukishamaliza, ikate kati ya mlango na mlango.

Pia, 304 ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 425 na 815, kaboni hukamata kromiamu, na pembeni mwa mshono kinga dhidi ya kutu hupungua. 304L, yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, husaidia. Bora zaidi ni 321: titani iliyomo huikamata kaboni kwanza. Kwa turbo, lipia 321, na usiache turbo ining'inie kwenye hedazi za ukuta mwembamba. Itengenezee mkono wa kuibeba.

Inconel 625, aloi ya nikeli, hustahimili joto kuliko zote hizi, hata kwa ukuta chini ya milimita 1, lakini bei yake inafaa magari ya mashindano. Titani ni nyepesi, uzito wake ni kama asilimia 57 ya chuma, ila ile safi ya kawaida hudhoofika mapema kwa joto. Ifunge nyuma ya gari, mbali na hedi.

Kwa kuchomelea stenlesi tumia TIG (umeme hupita kwenye ncha ya tungsteni, waya unaulisha kwa mkono): waya wa 308L kwa 304, 347 kwa 321, 309L ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida. Pitisha gesi ya argoni ndani ya bomba, lita 5 hadi 10 kwa dakika. Usipofanya hivyo, upande wa ndani wa mshono utaota chengachenga nyeusi kama sukari iliyoungua. Hizo huzuia moshi, na zikikatika zinaenda kugonga mapanga ya turbo.

Ukishafunga, washa injini ipate moto, izime ipoe kabisa, kisha kaza nati upya.