Kugawa Kazi kwa Wanaojitolea Katika Mradi wa Programu Huria

Katiba ya Debian, mradi wa mfumo endeshi huria wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, inatamka wazi kwamba haimlazimishi mtu yeyote kuufanyia mradi kazi, na kwamba aliyepewa jukumu asilolitaka halazimiki kulitekeleza. Kinachokatazwa ni kuhujumu maamuzi yaliyofikiwa kwa kufuata taratibu. Mtunzaji wa mradi wowote wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, hata ule wenye wachangiaji watano tu, afadhali aanze na kanuni hiyo kabla hajafungua orodha ya kazi. Hana mshahara wa kukata wala barua ya onyo ya kuandika. Lililo mikononi mwake ni kuitayarisha kazi iwe rahisi kuichukua, rahisi kuikagua na, jambo linalosahauliwa mno, rahisi kuirudisha.

Matayarisho huanzia kwenye maandishi. Kazi iliyoandikwa "kuboresha ukurasa wa usajili" inaweza kukaa miezi bila kuguswa, kwa kuwa anayeisoma hajui aanzie wapi wala aishie wapi. Tuchukue mfano wa programu ya chama cha akiba na mikopo nchini Tanzania. Kazi yake ingeweza kuandikwa hivi: "Fomu ya usajili inakataa nambari ya simu inayoanza na 0, ilhali inapokea inayoanza na +255. Ukaguzi wa nambari umo katika faili la usajili.py. Kazi itahesabiwa kuwa imekamilika pale nambari za aina zote mbili zitakapopokelewa na kuhifadhiwa kwa muundo mmoja wa +255, yakiwemo majaribio mawili ya kuthibitisha hilo. Ukikwama, muulize mtunzaji wa sehemu ya usajili." Maandishi hayo yanamwonyesha mgeni pa kuanzia, mpaka wa kazi, kipimo cha kumaliza, na mtu wa kumwendea. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana; Bugzilla, mfumo ambamo Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, huorodhesha hitilafu na kazi, ina nafasi maalumu ya kujaza jina la mlezi wa kazi, ili anayeingia kwa mara ya kwanza asibaki akipiga hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Kazi nyepesi za namna hiyo zitengewe wageni, kama LibreOffice, mradi wa programu huria za ofisi, inavyofanya kwa orodha yake ya kazi rahisi iitwayo EasyHacks. Mkongwe anayeweza kuimaliza kwa dakika kumi ajizuie, hata kama inamkera kuiona ikisubiri wiki mbili, kwa sababu akiimaliza yeye mradi utapata rekebisho moja, na mgeni akiimaliza mradi huenda ukapata mchangiaji.

Baada ya hapo, kuwe na mahali pamoja, panapoonekana na wote, pa kutangazia kwamba kazi imechukuliwa. Debian humtaka anayekusudia kufungasha programu mpya, yaani kuiandaa iweze kusakinishwa, aseme hivyo kwanza kwa kufungua taarifa katika mfumo wa kufuatilia hitilafu, ili watu wawili wasihangaike na kitu kimoja bila kujuana. Kwenye GitHub, tovuti ambako miradi mingi huweka msimbo na orodha zake za kazi, mtu asiye mwanachama wa mradi anaweza kukabidhiwa kazi akishaandika maoni chini yake. Kwa hiyo mwelekeze aandike sentensi moja ya kuiomba, kisha umwekee jina siku hiyohiyo.

Kazi ikikosa mwenyewe, usitupe swali la "nani atasaidia?" katika kundi zima, kwani kila mmoja atadhani mwenzake atajibu. Mwandikie mtu mmoja, umweleze kwa nini umemfikiria yeye, kwa mfano kwamba ndiye aliyerekebisha sehemu ya tarehe katika toleo lililopita, na umwachie nafasi ya kukataa bila kujieleza.

Ugumu mkubwa upo kwenye kazi iliyochukuliwa kisha ikanyamaziwa. Aliyeichukua amepata ajira, ana mitihani au anauguza mtu nyumbani, naye anaona haya kusema ameshindwa. Wengine nao wanaona jina lake pale na hawaigusi. Dawa ni kuweka muda wa mwisho unaomhusu kila mtu, uliotangazwa kabla ya kazi kuchukuliwa, ili kuondolewa kusionekane kuwa hukumu. Tasking Manager, mfumo unaotumiwa na wajitoleaji wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kugawana maeneo ya kuchora ramani, hukifunga kipande cha ramani kwa aliyekichukua, na muda ukipita bila yeye kukirejesha hukifungua chenyewe kwa ajili ya wengine. Hakuna anayelaumiwa. Kwa kazi za msimbo, wiki tatu zinatosha, zikitanguliwa na ujumbe kama huu: "Habari za siku nyingi, ndugu. Kama bado unaendelea na kazi hii, tuachie neno moja tu. Kama mambo yamekubana, usijali. Jumapili tutaifungulia wengine, na ulichokwisha kuandika kitatusaidia sana hata kama ni nusu." Asipojibu, ondoa jina siku uliyoitaja. Usiisogeze mbele, maana tarehe ikisogezwa mara moja hakuna atakayeiamini tena.

Uwazi huohuo uhusishe sehemu nzima za programu. Faili la MAINTAINERS (watunzaji) la kiini cha mfumo endeshi wa Linux huonyesha hali ya kila sehemu: ipo inayotunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, ipo yenye mtu anayeiangalia tu, ipo inayorekebishwa kwa nadra, na ipo iliyo yatima. Kuandika "yatima" si aibu. Ni mwaliko kwa atakayeweza kuilea.

Hatimaye, usifungue kazi nyingi kuliko zile ambazo wakaguzi wako wanaweza kuzipitia. Kama mpo wawili na kila mmoja ana saa mbili za Jumamosi, tangazeni kazi nne au tano, na ukaguzi wenyewe muuhesabu kuwa kazi yenye zamu na majina, utajwe katika maelezo ya kila toleo pamoja na walioandika msimbo. Mchangiaji mpya anayeleta rekebisho lake na kukaa mwezi mzima bila jibu mara nyingi hasubiri mwezi wa pili.