Kufuma soksi zenye misokoto, kuanzia mdomo hadi vidoleni

Soksi tupu na soksi ya misokoto hazihesabiwi sawa. Kila mara vitanzi 3 vinapopita juu ya vingine 3, kitambaa hujibana pale na upana hupungua. Ukichukua hesabu ya soksi tupu ukaitia misokoto, utapata soksi ya kupendeza ambayo haipiti kisigino. Dawa yake si kuchukua sindano nene: hizo hulegeza kitambaa chote, na kitambaa kilicholegea hutoboka mapema. Dawa ni kuongeza vitanzi palepale penye msokoto, kisha kuviondoa kabla ya vidole. Hesabu zote za hapa zimejengwa juu ya jambo hilo, kwa mguu wenye mzingo wa sm 21 hadi 23 pale unyayo unapopanuka.

Vifaa

Uzi mwembamba wa soksi, gramu 100 zenye urefu wa mita 400 hivi, mchanganyiko wa sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25. Sufu peke yake ni laini, ila kisigino chake hakidumu. Chagua uzi uliosokotwa kwa nguvu na wenye rangi moja, tena isiyo nyeusi: uzi wa rangi nyingi huimeza misokoto, na juu ya uzi mweusi huoni unachofuma.

Sindano tano zenye ncha pande zote mbili, unene wa mm 2.5. Sindano fupi moja ya mm 2 ya kushikilia vitanzi vinavyosubiri kuvuka. Sindano butu ya kushonea, tepu ya kupimia, na karatasi ya kuhesabia mizunguko. Karatasi usiiache, bila hiyo, soksi ya pili haitafanana na ya kwanza.

Kwanza fuma kipande cha majaribio, tena kwa kuzunguka kama utakavyofuma soksi yenyewe. Sm 10 zinatakiwa kuwa na vitanzi 30 kwa upana na mizunguko 42 kwa urefu. Vikizidi 30, panda hadi sindano za mm 2.75, vikipungua, shuka hadi mm 2.25.

Maneno machache kabla ya kuanza. Kitanzi cha kawaida ni kile chenye sura ya V. Cha kinyume huacha kinundu. Punguzo la kulia ni kufuma vitanzi 2 pamoja. Punguzo la kushoto ni kuhamisha 2 (kuvipeleka sindano ya kulia bila kuvifuma), kimoja kimoja, kama unayetaka kuvifuma, kisha kuvifuma pamoja kupitia migongo yao.

Hatua ya 1: mdomo

Acha mkia wa uzi wa mita 1 na uanzishe vitanzi 60 juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukianzishia kwenye sindano moja kwa mkono mzito, mdomo hautanuki na soksi itakwama kwenye kifundo cha mguu. Gawa vitanzi 15 kwa kila sindano, ulaze ukingo wote chini uone kwamba haujajizungusha, ndipo uunganishe. Ukingo uliojizungusha haurekebishiki baadaye, hufumuliwa wote.

Fuma 2 vya kawaida, 2 vya kinyume, kwa mizunguko 16. Ni kama sm 4.

Hatua ya 2: kuongeza na kupanga

Vitanzi 30 vya kwanza ni upande wa mbele, 30 vinavyofuata ni wa nyuma. Katika mzunguko mmoja, fuma mbele hivi: kawaida 5, kisha mara tatu [kinyume 2, kawaida 1, ongeza 1, kawaida 2, ongeza 1, kawaida 1], kinyume 2, kawaida 5. Kuongeza ni kuinua uzi ulio kati ya vitanzi viwili na kuufuma kupitia mgongo wake ili usiache tundu. Nyuma, fuma vyote kawaida. Sasa mbele una 36, jumla 66.

Panga upya sindano: ya kwanza 15, ya pili 21, ya tatu na ya nne 15 kila moja. Mgawanyo huo unaonekana kombo, lakini una sababu. Msokoto haukatwi katikati na mpaka wa sindano, maana kuvuka kwake kutavuta sindano mbili kwa wakati mmoja na kuacha ngazi wazi.

Hatua ya 3: misokoto

Mbele sasa ni: kawaida 5, [kinyume 2, kawaida 6] mara tatu, kinyume 2, kawaida 5. Nyuma yote ni kawaida. Mpangilio unarudi kila baada ya mizunguko 6: mizunguko ya 1 na 2 unafuma kama vitanzi vinavyoonekana, wa 3 unavusha, wa 4 hadi wa 6 kama vinavyoonekana.

Kuvusha: katika kila kundi la vitanzi 6, hamishia 3 vya kwanza kwenye sindano ya mm 2 na uiache nyuma ya kazi. Fuma 3 vinavyofuata, kisha 3 vya kwenye sindano fupi. Msokoto utalala kulia. Ukiiacha sindano fupi mbele ya kazi, utalala kushoto. Soksi ya kwanza iache nyuma daima, ya pili iache mbele daima, na miguu miwili itatazamana kama mtu na kioo.

Baada ya kuvusha, mzunguko unaofuata huwa mgumu. Usivute uzi kufidia. Kitambaa hujilegeza chenyewe.

Kasoro inayosumbua wengi ni kitanzi cha mwisho cha msokoto, upande wa kushoto, kuwa kikubwa kuliko wenzake. Uzi unaotoka kwenye kitanzi cha kawaida kwenda cha kinyume hupita njia ndefu kidogo, na ziada yote hurudi kwenye kitanzi hicho. Kwa kitanzi cha kinyume cha kwanza baada ya msokoto, zungushia uzi sindano kwa mwelekeo ulio kinyume na mazoea. Njia inakuwa fupi. Mzunguko unaofuata kitanzi hicho kitakuwa kimekaa kimegeuka, kwa hiyo kifume kupitia mgongo wake.

Ukigundua umevusha upande usio wake mizunguko kumi nyuma, usifumue soksi. Angusha vitanzi 6 tu vya msokoto huo hadi kwenye kosa, vivushe sawa, kisha uvipandishe ngazi kwa ngazi kwa nyuzi zilezile zilizobaki zimelegea.

Rudia mpangilio mara 10, yaani mizunguko 60, kama sm 14. Katika mzunguko wa 60 fuma mbele tu na usimame.

Hatua ya 4: kisigino

Weka vitanzi 30 vya nyuma kwenye sindano moja. Vya mbele vinapumzika. Mistari ya nje: [hamisha 1, fuma 1] hadi mwisho. Mistari ya ndani: hamisha 1, vingine kinyume. Fuma mistari 30. Vitanzi vinavyohamishwa huufanya ukuta wa kisigino uwe mnene.

Sasa kikombe chake:

Mstari wa 1: hamisha 1, fuma 16, punguzo la kushoto, fuma 1, geuza.
Mstari wa 2: hamisha 1, kinyume 5, kinyume 2 pamoja, kinyume 1, geuza.
Mstari wa 3: hamisha 1, fuma hadi kibaki 1 kabla ya mwanya (pale ulipogeuza mara iliyopita), punguzo la kushoto juu ya mwanya, fuma 1, geuza.
Mstari wa 4: vivyo hivyo kwa kinyume, ukifunga 2 pamoja juu ya mwanya.

Rudia wa 3 na wa 4 hadi vya pembeni viishe. Jumla ni mistari 12, na vinabaki 18. Ukipata idadi nyingine, kuna mahali umegeuza bila kupunguza.

Hatua ya 5: kabari

Fuma vile 18. Okota vitanzi 15 kwenye ukingo wa ukuta, yaani chomeka sindano ukingoni na uvute uzi uwe kitanzi kipya, na 1 zaidi kwenye kona. Hicho cha kona ndicho kinachoziba tundu. Fuma mbele kwa mpangilio, mzunguko wa 1. Okota 1 kwenye kona na 15 upande wa pili, kisha fuma 9 hadi katikati ya kisigino. Mzunguko unaanzia hapo sasa, na una vitanzi 86.

Mzunguko wa kupunguza: fuma hadi vibaki 3 kabla ya mbele, punguzo la kulia, 1, mbele kwa mpangilio, 1, punguzo la kushoto, hadi mwisho. Unaofuata hupunguzi. Fanya hivyo mara 10, mpaka unyayo uwe na vitanzi 30.

Hatua ya 6: mguu na vidole

Endelea hadi soksi, ikipimwa kutoka nyuma ya kisigino, iwe pungufu kwa sm 5.5 kuliko mguu. Mguu wa sm 24 unasimama kwenye 18.5. Vidole vitachukua sm 4.5 hivi, na sentimita moja inayobaki ni ya kutanuka.

Fuma mzunguko mmoja ukipunguza 2 katika kila msokoto; mbele inarudi 30. Kuanzia hapa vyote ni vya kawaida. Punguza 4 kwa mzunguko: kila upande, mbele na unyayo, punguzo la kushoto baada ya kitanzi cha kwanza na la kulia kabla ya cha mwisho. Fanya mara 7, mzunguko mmoja ndiyo, mmoja hapana, ubaki na 32. Kisha mara 4 mfululizo, ubaki na 16.

Fuma hadi ukingo wa unyayo, pambanisha 8 kwa 8, na ushone kwa sindano butu ukifuata njia ya kitanzi ili pasiwe na mshono wa kuumiza vidole. Osha kwa maji ya nyuzi 30, kamua ndani ya taulo, ulaze pakavu. Misokoto hukaa sawa baada ya maji, kwa hiyo usiihukumu kabla.

Anza soksi ya pili siku hiyohiyo, wakati mkono bado una uzito uleule.