Hoteli yako imeisha? Nenda kalale, usiende kupiga picha tu

Sie wa kazi hii ya kupamba ndani huku Zanzibar tuna tabia moja, mradi wa hoteli ukishaisha tunakwenda siku ya ufunguzi, umependeza, tajiri mwenye hoteli anakutambulisha kwa wageni, unapiga picha pale mapokezi na bwawani, bas umerudi zako. Siku ile hujaona kitu. Kila kitu kimefutwa asubuhi ile ile, taa zote mpya, kitanda hakijalaliwa na mtu. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwenye kazi yetu neno hili lichukue kama lilivo, ulale.

Mie nashauri usubiri masika ya kwanza ipite, yani mwezi wa sita hivi, ndo uende. Mvua za kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano zinatoa nje kila kilichofichwa na plasta. Na kama kazi uliifanya ukiwa mbali, uko Dar au Ulaya unatuma michoro na fundi anakurushia picha kwa WhatsApp, wewe ndo usiache kabisa, maana vyumba hivo hujawahi hata kuvinusa.

Na kunusa nasema kweli. Ukiingia chumbani usiwashe kiyoyozi wala panka, funga mlango, simama kidogo, vuta pumzi. Fungua kabati uingize kichwa ndani. Ukisikia ukungu basi kabati limebanwa na ukuta, lisogezwe lipate upenyo wa vidole viwili vitatu nyuma, na milango yake ipigwe matundu hewa ipite. Mgeni hajui kwanini kanzu au gauni lake linanuka, anajua tu hoteli hii inanuka.

Kuhusu chumba, mwambie meneja asikupe kile cha kwenye matangazo. Omba kibaya kuliko vyote, kile cha chini upande wa jenereta au cha nyuma ya jiko.

Sasa ukuta, na hapa nikae kidogo kwa sababu Mji Mkongwe ndo panapoharibika. Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene nusu mita na zaidi, zinavuta maji kutoka chini na chokaa inayatoa nje taratibu, ukuta unapumua. Ukishapigwa saruji na rangi ya plastiki juu yake maji yanakosa pa kutokea. Ilinikuta hoteli moja, kwenye mchoro niliandika chokaa, fundi akaona inachelewa kukauka na tajiri anataka kufungua, akapiga saruji, picha alonitumia ukuta mweupe pee umenyooka. Nilipofika mwezi wa sita nikapitisha kidole chini ya dirisha kikatoka na unga mweupe, ile ni chumvi, na nyuma ya kitanda rangi imevimba kama andazi. Kwahivo we piga magoti, angalia ile mita moja ya chini kwenye kila ukuta, sogeza kitanda, sogeza kochi. Ukikuta hivo usikubali kupaka rangi juu yake, hiyo ni kupoteza pesa, saruji itolewe, ukuta uachwe ukauke vizuri, irudishwe chokaa na ipakwe chokaa. Na kabla ya kugusa chochote pitieni kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na nyumba hizi si za kujichukulia maamuzi.

Usiku zima taa zote halafu tochi ya simu uilaze ubavuni mwa ukuta, kila bonde na kila kiraka kitajitokeza. Kisha washa taa uhesabu rangi za mwanga. Wewe ulichagua balbu za njano za 2700K (namba hii ni kipimo cha rangi ya mwanga), moja ikaungua, mtu akatumwa sokoni Darajani akaja na nyeupe ya 6500K, sasa taa mbili za kitandani hazifanani na chumba chote kimepoa. Waachie boksi la akiba na namba ya balbu uiandike kwa kalamu ndani ya mlango wa stoo.

Kama hoteli iko Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, kaa barazani maji yakijaa na ukae tena yakikupwa. Kwenye picha za kompyuta maji huwa yamejaa siku zote, wakati kweli siku za bamvua bahari inakimbia mbali kabisa na kinamama wa mwani wanapita pale pale mbele ya chumba. Mgeni anawaona na wao wanamuona, sasa kama hukuweka pazia jepesi mtu hawezi kukaa na taulo chumbani kwake. Na jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, saa kumi na mbili na nusu huna usingizi tena, pazia zito si anasa.

Bawaba, skrubu na vichwa vya shawa viangalie haraka tu, chumvi ya hewani haisamehi, penye kutu weka stinlesi ya 316, ile inayostahamili chumvi. Kisha tandika mswala. Huku kwetu kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, angalia mshale wa darini uko sawa na je, pana nafasi ya kusujudu bila kugonga meza? Mara ngapi tunajaza chumba fanicha mpaka mtu anasali kwenye mlango wa choo.

Sehemu nnayoithamini kuliko zote ni kukaa na wahudumu wa vyumba. Usiwaite ofisini, wafuate wanakofanya kazi na uwasaidie kutandika. Hoteli moja nilikuta kila nguzo ya kitanda cha samadari imefungwa kamba ya ukili, chini chini, imekaa kama kitu cha jikoni, nikataka kuzifungua. Nikamuuliza kwanza bi mkubwa alokuwa anatandika, shikamoo bi, kamba hizi za nini? Akanambia, "Marahaba mwanangu, chandarua chako kinafungiwa juu, mie nakifunga hapa chini kwa kamba, goti langu haliwezi kupanda kitanda vyumba kumi na mbili kila siku." Alikuwa ameshika shuka mkononi bado. Kosa lilikuwa langu kwenye mchoro, yeye ndo alolitengeneza. Tukawapa kazi wasusi wa Makunduchi, kila nguzo ikapata kamba yake nzuri ya ukili wa rangi, pale pale alipoweka yeye.

Basi ukizunguka tafuta vitu kama hivo, msumari ulopigwa nyuma ya mlango wa bafu, kiti kilichohamishwa dirishani, kadibodi chini ya mguu wa meza, waya wa kuongezea umeme ulopita chini ya zulia kwa sababu soketi umeziweka mbali na kitanda. Usiviondoe, vipige picha na uandike chumba namba ngapi.

Orodha mpe tajiri siku ile ile kabla hujapanda boti, wewe na meneja mkiwa mbele yake, na makosa ya michoro yako yaandike ya mwanzo, juu ya ya fundi.