Kikundi cha ukindu kijijini: anza hivi ili hela ifike mkononi mwa mama anayesuka

Mikeka ya ukindu, yaani majani ya mkindu ambao ni jamii ya mtende, imesukwa Pwani miaka na miaka, nenda Rufiji, Kibiti, Mafia, Kilwa, vuka mpaka Unguja na Pemba, utamkuta bibi kakaa barazani ukili mkononi (ule mkanda mrefu unaosukwa alafu unashonwa uwe mkeka au kikapu) anasuka huku anapiga stori na wewe wala haangalii vidole. Ujuzi upo tele. Ila muulize huyo bibi mkeka aliouuza juzi umemwingizia nini, atakutajia hela ambayo hata kibarua cha palizi kinalipa zaidi, na wakati huohuo kule mjini kwenye maduka ya watalii mkeka kama ule unauzwa bei ya kukushangaza. Kwaiyo naandika hapa kwa yeyote anayetaka kuwakusanya mama zake, shangazi zake, majirani, au yeye mwenyewe ni msukaji kachoka kuuza kwa hasara. Nitakaa sana kwenye bei maana hapo ndo wanawake wetu wanaumia.

Anza na watu wachache wanaojuana. Wanawake kumi mpaka kumi na tano wa kitongoji kimoja wanatosha kabisa, usikimbilie kujaza majina hamsini kwenye karatasi maana nusu yao hawasuki, wamesikia kuna mkopo. Kaeni kikao mchana baada ya adhuhuri, kazi za asubuhi zimeisha na chakula cha jioni bado, na msipange kuanza wakati wa kupanda au kuvuna mpunga kwa sababu hakuna atakayekuja na hamtakuwa na haki ya kumlaumu. Chagueni mwenyekiti, katibu na mhazini, andikeni katiba fupi hata kurasa mbili tatu inatosha, alafu nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze kusajili kikundi halmashauri. Mkishazoea VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mnajua habari ya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, basi tumieni mtindo huohuo.

Waume nao waambiwe mapema. Nasema hivi kwa heshima, sio kuomba ruhusa kila kitu, ila mzee akijua mama anaenda wapi na hela inayopatikana ni ya nini maneno ya mtaani yanapungua, na wengi wao wakishaona ada ya mtoto imelipwa ndo wanakuwa wa kwanza kwenda kukata ukindu porini.

Tuje kwenye ukindu wenyewe. Kinachokatwa ni kuti changa ambalo bado halijafunguka, lile lililosimama kama mkuki katikati. Hapa pana hatari: ukikata kila kuti changa unalokutana nalo mkindu unadhoofika na msimu ujao mnatembea mbali zaidi kutafuta. Kubalianeni kwenye katiba kabisa kwamba kila shina linakatwa kuti moja linaachwa lipumue, na mashina machanga hayaguswi. Mkindu unaota kwa vichaka, shina nyingi pamoja, kwaiyo mkizunguka kwa zamu kila kichaka kinapata nafasi ya kupona. Kama msitu ni wa kijiji ongeeni na serikali ya kijiji, kama ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, ulizeni utaratibu wa kibali kabla ya kuingia na panga, msije mkanyang'anywa mzigo njiani. Na pandeni yenu pia, kwenye mabonde yenye maji mkindu unakubali vizuri.

Kuti likishaletwa linachambuliwa, linaanikwa juani siku kadhaa mpaka liwe jeupe na kavu, usiku mnaliingiza ndani kama kuna dalili ya mvua maana likilowa likiwa nusu kavu linapata madoa meusi ambayo hayatoki tena. Alafu mnachana miyaa, yaani vile vipande vyembamba vya kusukia, kimoja kinaitwa mwaa. Hii ya kuchana watu wanaidharau lakini ndo inaamua kila kitu: mwaa ukiwa mpana huku mwembamba kule, ukili unakuja na mawimbi, na kikapu kikishashonwa kinakaa upande. Kabla ya kusuka fungeni miyaa kwenye kitambaa kilicholowana ilainike, mikavu inakatika na inakata vidole.

Rangi. Zile za unga zinazouzwa kwa kijiko sokoni zinatumika, unachemsha maji kwenye sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena, unatia rangi, unazamisha miyaa na kugeuzageuza mpaka ishike sawasawa, alafu unaianika kivulini. Bibi zetu walikuwa wanachemsha mizizi ya mdaa kupata ile rangi ya giza, na kama kijijini kwenu bado yupo anayeijua kazi hiyo mkalisheni chini awafundishe mabinti sasa hivi maana wanunuzi wa nje wanaipenda sana rangi ya mti. Rangi yoyote ile ipimwe kabla ya kusukiwa: chukua kitambaa cheupe, kilowanishe, sugua mwaa uliokauka. Kitambaa kikipata rangi, rudisha miyaa kwenye maji uoshe mpaka rangi ikome kutoka. Mteja akibeba kikapu chekundu na gauni jeupe likachafuka huyo hamtamuona tena, na atawaambia wenzake.

Sasa oda. Vikundi vingi vinavunjika hapa. Hoteli au duka linaagiza vikapu 40 vinavyofanana, kila mama anaenda kusuka kwake kwa kipimo cha mkono wake, siku ya kukusanya unakuta kimoja kikubwa kama cha kubebea nazi na kingine kidogo kama cha mtoto, mnunuzi anachagua 15 vilivyobaki anarudisha. Mama kapoteza wiki nzima. Dawa yake ni ndogo sana. Kabla ya kuanza oda sukeni sampo moja, mnunuzi aikubali, ibaki kwenye kikundi haiuzwi. Alafu kateni vijiti, kijiti kimoja kwa kila msukaji, kina alama ya kimo cha kikapu, upana wa mdomo na upana wa ukili. Hata ambaye hajui kusoma anaweka kijiti pale anapima. Mkubaliane pia idadi ya miyaa kwenye ukili, kama ni 11 ni 11 kwa wote, maana anayesuka kwa 9 ukili wake ni mwembamba na kushona kwake kutahitaji mizunguko mingi. Wateule wawili wenye jicho kali wawe wakaguzi, na wakague kazi ikiwa nusu, ikiisha ndo uanze kumwambia mtu fumua itakuwa ugomvi.

Kila kikapu kifungwe kikaratasi chenye namba, na namba hiyo iwe kwenye daftari mbele ya jina la aliyekisuka. Ikiuzwa namba 23 inajulikana hela ya nani, hakuna kusema sijui cha nani kimetoka.

Bei jamani. Wasukaji wengi wakipanga bei wanahesabu hela ya rangi na ya ukindu tu kama waliununua, mikono yao wanaihesabu bure. Mnunuzi anawaambia "si unasukaga ukiwa umekaa tu" na mama anakubali. Kukaa masaa ishirini mgongo umeinama sio kukaa tu! Hesabu ifanyike hivi: Pwani ukili unapimwa kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa, basi kaeni pamoja siku moja msuke kila mtu pima moja mkiangalia saa, mpate wastani wenu. Tuseme pima moja inachukua masaa mawili na kikapu kinataka pima nane, hapo ni masaa 16, kushona na kuweka mikanda masaa manne, jumla 20. Angalieni kibarua cha shamba kwenu kinalipa kiasi gani kwa siku, kigaweni kwa masaa, na msikubali kushuka chini ya hapo. Tuseme imekuja 1,000 kwa saa, basi mikono peke yake ni 20,000. Ongeza ukindu 3,000 hata kama mmekata wenyewe maana kutembea kule porini ni kazi, rangi 1,000, mikanda ya ngozi 5,000, uzi 500. Tayari 29,500. Weka 2,500 ya mfuko wa kikundi, ni 32,000, hiyo ndo bei ya chini kabisa ya jumla, ya rejareja iwe juu zaidi. Hizo namba ni za mfano, zenu zitakuwa tofauti, kinachotakiwa ni kila mwanakikundi aijue hesabu hii kichwani hata mnunuzi akimbana peke yake nyumbani.

Ikitokea hesabu imekuja kubwa kuliko bei ya soko msipunguze hela ya mikono, badilisheni bidhaa. Mkeka mkubwa unakula pima nyingi mno na sikuhizi unashindana na mikeka ya plastiki, wakati kikapu kidogo chenye mikanda ya ngozi, kofia, mkoba wa laptopu, vitu vya kuwekea sahani mezani vinalipa vizuri zaidi kwa saa. Wenzetu wa Ukambani kule Kenya na kiondo chao cha katani wamefika mbali kwa kubadili mishipi na rangi tu huku usukaji ukibaki uleule wa bibi zao, na bado walikuja kuigwa na viwanda vya Asia, kwaiyo kazi yenu iwe na jina. Chagueni jina la kikundi, shoneni kilebo kidogo ndani ya kila kikapu, mkikua mkalisajili BRELA, ofisi ya serikali inayosajili majina ya biashara.

Mali kauli muiogope. Mwenye duka anawaambia leteni mzigo nikiuza nitawalipa, mnaacha vikapu 20, mnapiga simu miezi, vimefifia rangi dirishani. Mkilazimika kufanya hivyo andikishaneni idadi, bei na tarehe ya kulipana, pande zote zisaini, na mpelekeeni vichache. Kwa oda ombeni nusu ya hela mbele, anayetaka kweli atatoa.

Kwenye simu, picha ipigwe nje asubuhi jua halijawa kali, kikapu juu ya ukuta mweupe au ubao, na mtu akishike ili ukubwa uonekane. Mabinti waliomaliza shule wapeni kazi hii ya WhatsApp na Instagram walipwe kutoka mfuko wa kikundi, isiwe hisani. Malipo yaingie lipa namba ya kikundi, alafu siku ya mgao kila mama atumiwe kwenye laini yake mwenyewe. Nasisitiza laini yake, sio ya mtoto wa kiume wala ya mzee, kama hana muende pamoja akasajili.

Mtaji: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimama 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya, muulizeni afisa maendeleo ya jamii. Ila ushauri wangu msiukope kabla hamjauza angalau oda mbili kwa hela zenu, deni bila soko linavunja undugu. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo tangu 1973 na wana mafunzo ya ujasiriamali, na maonyesho ya Sabasaba kila Julai yapo Barabara ya Kilwa, ileile inayotoka kwetu Rufiji. Nendeni hata wawili mwaka wa kwanza mkaangalie tu wengine wanauza nini na kwa bei gani.

La mwisho ni kusafirisha. Masika vikapu vinaota ukungu kwenye kiroba ndani ya siku chache. Anikeni mzigo jua kamili siku mbili kabla, viwe vikavu mpaka ndani kwenye mishono, jazeni magazeti visibondeke, fungeni kwenye boksi sio nailoni, na boksi likishapakiwa kwenye basi la Mbagala Rangi Tatu pigeni picha risiti na namba ya gari mtume kwa anayepokea, hata saa hiyohiyo, kabla basi halijaondoka.